Mduara wa Bihogo

Avelina alipanda kilima cha kanisa akiomba kitu kimoja tu: simu yake isihamie Burundi. Pale Bukiriro, ukisimama mahali pasipofaa, mtandao wa ng'ambo huikamata simu na saa yake hurudi nyuma saa nzima, ukajikuta umechelewa huku simu inakwambia umewahi. Kwa hiyo alisimama penye jiwe la kengele, mahali wanaposimama wote wenye mazungumzo ya maana, akampigia Dakta Shilinde, msimamizi wake wa shahada ya uzamili.

Alikuwa anasubiri pongezi. Tasnifu yote alikwisha kuituma, na mwisho wa mwezi ndio uliokuwa wakati wa kuitetea mbele ya watahini. Nyumbani, baba yake, mzee Idefonsi, alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani kwamba binti yake ameishinda kompyuta.

"Shikamoo, Dakta."

"Marahaba. Umefungua sura ya tatu? Kuna sentensi inaanza na 'ni dhahiri'. Nisomee."

Avelina akasoma. "Ni dhahiri kwamba katika kila mtandao wa namna hii yupo angalau mtu mmoja wa mwisho, ambaye amefungamana na mwenzake mmoja tu."

"Nani kakwambia?"

Avelina alidhani simu imekatika katikati ya maneno. "Samahani, Dakta?"

"Nauliza nani kakwambia. Chukua watu watatu. Wa kwanza ampe wa pili, wa pili ampe wa tatu, wa tatu ampe wa kwanza. Wa mwisho ni nani?"

Avelina akawaona watu watatu wameshikana mikono. Akawazunguka mara moja, akawazunguka tena. Hapakuwa na wa mwisho.

"Lakini hilo haliwezekani," alisema.

"Nani kakataza? Nimesoma ufafanuzi wako neno kwa neno. Sikuona mahali ulipokataza."

Avelina akakaa juu ya jiwe. Ili mtu aelewe kwa nini, inafaa ajue tasnifu ile ilihusu nini. Huko kwao, kumgabira mtu ng'ombe ni kumpa mtamba ili nyumba zenu mbili ziwe na udugu. Aliyegabiwa humheshimu aliyemgabira mpaka kaburini, na kwa sababu hiyo wawili hao hawaketi pamoja kwenye benchi la wasuluhishi, maana mmoja hatathubutu kumpinga mwenzake. Kila ukitokea ugomvi wa mpaka au wa maji, wazee hutafuta benchi refu kuliko yote ambalo halina wawili waliofungamana kwa ng'ombe.

Chuoni Avelina alijifunza kwamba uchaguzi wa namna hiyo, watu wakiwa wamefungamana vyovyote vile, umo katika orodha ya maswali magumu kabisa ya fani yao. Hakuna ajuaye njia ya haraka ya kuyajibu. Kompyuta hulazimika kujaribu benchi baada ya benchi, na ukiongeza watu kidogo tu, kazi inakuwa ndefu kiasi kwamba jua litazimika kabla haijaisha. Yeye akaandika kwamba kwenye mitandao ya zawadi kazi hiyo ni rahisi. Anza na mtu wa mwisho, aliyepokea ng'ombe na hajampa mtu. Mweke kwenye benchi, mwondoe aliyempa, kisha mtafute wa mwisho mwingine katika waliobaki. Njia yote ilisimama juu ya mtu huyo wa mwisho. Na sasa Dakta Shilinde alikuwa amemwondoa kwa swali moja.

"Unaweza kuongeza sharti kwamba miduara hairuhusiwi," Dakta aliendelea, na sauti yake haikuwa na ukali wowote, jambo lililomwogopesha Avelina zaidi. "Ukifanya hivyo unabakiwa na zoezi la wanafunzi wa mwaka wa pili. Halihitaji tasnifu. Ukiiacha miduara iingie, basi unadai umejibu swali ambalo wakubwa wa fani hii wamezeeka nalo. Nichague lipi nimwambie mtahini?"

"Nipe siku chache, Dakta."

"Hadi Jumatatu. Baada ya hapo sitaweza kukutetea."

Avelina aliteremka kilima bila kuiona njia. Kilichomshtua si kosa tu. Wanafunzi wote hukosea. Kilichomshtua ni kwamba alikuwa ameisoma sentensi ile mara nyingi na kila mara macho yake yaliteleza juu yake, kwa kuwa kwake ilikuwa kweli kama vile mlango ulivyo mbele ya nyumba. Ng'ombe huteremka. Hutoka kwa aliye nacho kwenda kwa asiye nacho, na hawapandi tena kurudi kwa aliyewatoa. Hakuna kitabu kilichomfundisha hivyo. Alifundishwa na zizi la babu yake, mzee Alfonce, ambaye ng'ombe wa nusu ya kijiji walitoka kwake. Alikuwa ameliingiza zizi hilo ndani ya hesabu, na hakujua kama limo.

Bado lilimbakia tumaini dogo. Kama hapo kijijini, kwa watu halisi, miduara haipo, basi angalau angeweza kumweleza Dakta kwamba hakubuni.

Nyumbani alimkuta Irakoze, rafiki yake tangu shule ya msingi, ambaye siku hizi ni fundi cherehani. Alikuwa amekuja kusaidia kuchambua maharage. Mama yake Irakoze, Francisca, mjane, alikaa nyumba ya chini ya barabara. Watu wake walivuka kutoka Burundi zamani, wakalima, wakabaki.

"Profesa," Irakoze alisema bila kuinua kichwa, "mbona uso kama umekutana na mkaguzi wa shule?"

"Nisaidie kitu. Tumia ungo huo huo. Haragwe moja ni nyumba moja, na kijiti kati ya maharage mawili ni ng'ombe."

"Miaka yote hiyo chuoni, na sasa umerudi kucheza kombolela ya maharage."

Lakini akasaidia, na kwa kweli alijua kuliko Avelina nani alimgabira nani, kwa maana fundi cherehani husikia mengi watu wakipimwa viuno. Mzee Alfonce alimgabira Niyongabo, alipokuja akiwa kijana hana hata jembe. Niyongabo naye, ng'ombe walipozaana, alimgabira Francisca. Vijiti vikaenea kwenye ungo kama mizizi, vyote vikiteremka, na kila Avelina alipofikia mwisho wa mzizi na kumkuta mtu aliyefungamana na mmoja tu, moyo wake ulitulia kidogo.

"Inabaki nyumba yetu," alisema. "Sisi hatukupokea kwa mtu, kwa hiyo hapa juu hakuna kitu."

Irakoze alikuwa ameshika kijiti. Hakukiweka chini, wala hakukitupa.

"Unataka mchoro wa kweli, au ule wa kupokelea wageni?"

"Wa kweli. Usinichezee, Irakoze, nina shida."

"Mimi sichezi." Akainama, akakilaza kijiti kutoka kwenye haragwe la mama yake mpaka kwenye haragwe la nyumba ya kina Avelina.

Avelina alicheka, akakiondoa. Irakoze akakirudisha palepale.

"Bihogo," alisema. "Yule mtamba wenu mwekundu. Mlisema mlimnunua mnadani Nyakahura."

Avelina alimkumbuka Bihogo. Nani nyumbani kwao asingemkumbuka? Kabla yeye hajazaliwa, maradhi yaliingia zizini kwa babu yake yakawamaliza ng'ombe wote, na hadithi ya nyumba ilikuwa kwamba baba yake alitembea kwa miguu hadi Nyakahura akarudi na mtamba mmoja mwekundu. Ng'ombe wote walioko zizini leo ni uzao wa yule mmoja.

"Hakununuliwa. Mama alikuwa na ng'ombe wake Kaniha, kwa mjomba, kule kwenye malisho. Baba yako alipita Kaniha akamchukua, kisha akamswaga kwa barabara ya Nyakahura ili watu wamwone anatoka mnadani."

"Umejuaje?"

"Darasa la nne nilipelekwa Kaniha likizo. Mjomba akanionyesha mama yake Bihogo. Niliporudi, mama akaniambia nikifungua mdomo ataushona."

Avelina aliangalia ungo. Nyumba yao kwa Niyongabo, Niyongabo kwa Francisca, Francisca kwa nyumba yao. Watu watatu wa Dakta Shilinde walikuwa wamekaa katikati ya maharage, na mmoja wao alikuwa yeye.

"Tulipokuwa tunagombana kwenye kuruka kamba," alisema polepole, "nilikuwa nakwambia maziwa mnayokunywa kwenu yametoka kwetu."

"Ulikuwa unasema. Na mimi nilikuwa nayatazama meno yako, namna yalivyo meupe kwa maziwa ya Bihogo."

"Na kila harusi unatuletea kibuyu cha kwanza cha pombe, kwa kuwa sisi ndio chanzo."

"Nilikileta," Irakoze alisema, akarudi kwenye maharage yake. "Kilikuwa kizito."

Mzee Idefonsi alikuwa shambani, anaegemeza miti kwenye migomba iliyolemewa na mikungu. Avelina alimsimamia nyuma, hakusalimia.

"Baba, Bihogo alitoka wapi?"

"Nyakahura."

"Baba."

Mzee aliushindilia mti chini ya mkungu, akautikisa kuona kama umeshika. Hakugeuka. "Nani kakwambia?"

Lilikuwa swali lilelile la asubuhi, na Avelina akawa kama mtu aliyekutana na sauti moja katika nyumba mbili.

"Kwa hiyo ni kweli."

"Ng'ombe walikufa wote," baba yake alisema, bado akiuangalia mgomba. "Babu yako alikaa mlangoni akitazama zizi tupu. Wote aliowagabira walikuwa nao, lakini nani angethubutu kumletea? Kumpa ng'ombe aliyekupa ni kumwambia hunidai heshima tena. Angekufa kwa aibu. Francisca akaja akiwa na jembe begani, kama anapita tu kwenda shamba. Hakuingia ndani. Akasema, 'Baba, Kaniha kuna mtamba amepotea, hana mwenyewe. Mtume kijana akamtafute.' Akaenda zake. Mimi ndiye kijana niliyetumwa."

"Na mkasema mmenunua."

"Babu yako alisema. Mimi nilinyamaza. Baadaye ikawa vigumu kuacha kunyamaza."

Avelina alitaka kukasirika, hakuweza. Alikuwa bado ameduwaa. Mjane aliyevuka mpaka na mzigo kichwani ndiye aliyelijaza zizi la mzee Alfonce, kisha akawa kila harusi anamtuma binti yake na kibuyu cha shukrani kwa watu aliowagabira yeye.

"Na benchi?" aliuliza. "Babu aliketi vipi na watu, wakati alikuwa amefungamana juu na chini?"

"Hakuketi. Tangu siku ile hakuketi tena kwenye usuluhishi. Watu walisema ni miguu. Miguu yake ilikuwa mizima. Alijitoa, kwa sababu akiwemo mpangilio hauwi wa haki, na sababu hawezi kuisema. Akishajitoa yeye, wengine wote wanaweza kupangwa kama kawaida."

Avelina alikumbuka maharage yake. Alimwacha baba yake na miti yake, akarudi mbio kwenye ungo. Irakoze alikuwa amekwenda, lakini maharage yalikuwa palepale. Akaliondoa haragwe la nyumba yao pamoja na vijiti vyake. Mduara ukafunguka. Niyongabo akabaki juu, Francisca akabaki chini yake, na mtu wa mwisho akarudi mahali pake. Akalirudisha haragwe lao kwa sharti: nyumba hii iwemo kwenye benchi, kwa hiyo wote waliofungamana nayo watoke. Mduara ukafunguka tena. Babu yake alijaribu upande mmoja tu, ule wa kujitoa. Kompyuta ingejaribu pande zote mbili, kisha ingechukua benchi refu zaidi.

Kila nyumba ya kutengwa inaifanya kazi iwe mara mbili. Mahali penye miduara mingi iliyosokotana kazi hulipuka, na swali hurudi kuwa gumu kama lilivyo duniani kote. Mahali penye miduara michache, kompyuta huimaliza kabla chai haijapoa. Ugumu ulikuwa ndani ya miduara. Haukutokana na wingi wa watu.

Alimpigia Dakta Shilinde akiwa amesimama penye jiwe la kengele. Dakta alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali yake makavu, akataka arudie hatua ya kuirudisha nyumba iliyotengwa.

"Wapo waliopita njia hii kwa mitandao mingine," alisema hatimaye. "Wataje kwa haki. Lakini kwa mtandao wa zawadi, wenye mfano halisi, hili linasimama. Hoja ni ndogo kuliko uliyoandika mwanzo."

"Naam."

"Na ni ya kweli. Sasa mfano wenyewe. Hizo nyumba tatu zimeridhia kuandikwa? Mtahini atauliza mduara huu umetoka wapi. Ukisema umesikia kwa rafiki yako mkichambua maharage, umekwisha. Jambo ambalo wenyewe hawakubali kulisema mbele za watu, mimi siwezi kuliita ushahidi."

Avelina alikwenda kwanza kwa Francisca. Bibi yule alikuwa ameketi mlangoni, akaitikia shikamoo yake, akamsikiliza bila kushtuka.

"Mimi nilinyamaza kwa ajili ya babu yako," alisema. "Kwa ajili yangu sikuwa na haja. Muulize baba yako, mwanangu. Aliyefunga kamba ndiye aifungue."

Baba yake alikataa. Hakugomba. Alisema tu, "Andika mduara. Mimi usinitie," akaendelea kula. Avelina alimjibu kwamba mduara bila nyumba yao si mduara, na baada ya hapo hawakuzungumza tena mpaka Jumapili.

Jumapili hiyo, baada ya misa, watu walibaki uwanjani kuchagua wasuluhishi wa ugomvi wa bwawa la kunyweshea mifugo. Samweli, mwenyekiti wa kitongoji, alikuwa anataja majina na kila aliyetajwa anasogea kwenye benchi lililotolewa kanisani. Alimtaja Idefonsi, akasogea. Niyongabo hakutajwa, kama kawaida, maana aligabiwa na nyumba ya Idefonsi. Kisha Samweli akasema kwamba safari hii wanataka na mama mmoja mwenye busara, akamtaja Francisca.

Francisca alisimama, akakung'uta khanga yake, akaketi mwisho wa benchi. Avelina alimwona baba yake akimtazama bibi yule, kisha akiitazama mikono yake mwenyewe.

"Mwenyekiti," Idefonsi alisema. "Mimi na mama Francisca hatuwezi kuketi pamoja."

"Kwa nini, mzee? Mna ugomvi?"

"Hatuna. Alitugabira."

Kengele ya mbuzi wa padri ikasikika nyuma ya kanisa. Samweli alitabasamu, akidhani ni mzaha wa wazee, akangoja sehemu ya kuchekesha. Haikuja.

"Bihogo," Idefonsi alisema, sasa kwa sauti iliyofika hadi nyuma. "Hakutoka mnadani. Alitoka Kaniha, kwa ng'ombe wa mama huyu. Ng'ombe wote mnaowaona kwangu ni wake. Baba yangu aliificha, nami nikaificha."

Mzee Niyongabo alisimama taratibu, ameegemea fimbo. Alihesabu kwa kidole angani, kutoka kwa Idefonsi hadi kwake, kutoka kwake hadi kwa Francisca, kutoka kwa Francisca hadi kwa Idefonsi. Kidole kilibaki pale.

"Yaani miaka yote hii," alisema, "ninakuinamia, kumbe unafuga wajukuu wa ng'ombe wangu."

"Ndivyo, kaka."

"Na mgongo unavyoniuma."

Mtu mmoja alicheka, akajutia. Wengine walikuwa wakiangaliana kama watu walioambiwa kwamba kanisa limesimama upande mwingine wa barabara. Francisca peke yake hakuonekana kushangaa. Alimgeukia Idefonsi, akasema kwa utulivu, "Nilidhani utanizika kwanza, ndipo useme."

Idefonsi aliinuka kwenye benchi. Hakwenda mbele, wala hakuondoka. Alikwenda kuketi chini kwenye nyasi, kati ya watu, na Samweli akamwita Niyongabo. Kisha akakumbuka kwamba Niyongabo alimgabira Francisca, akamrudisha. Akamwangalia Avelina.

"Msomi, tumweke nani?"

"Mama Francisca abaki," Avelina alisema. "Endeleeni na wengine."

Watu walipotawanyika, alibaki penye jiwe la kengele na kompyuta yake mapajani. Alifuta sentensi ya sura ya tatu. Mahali pake aliandika kwamba mtu wa mwisho anaweza kukosekana, akachora mduara wa nyumba tatu, na chini yake akaandika majina matatu pamoja na jina la Bihogo. Kabla ya kuondoka uwanjani, baba yake alikuwa amemwambia sasa amtie, na mzee Niyongabo naye akaridhia.

Kazi ilikuwa tayari kutumwa. Lakini kabla ya kuituma, kwa wasiwasi uliokuwa haujamwisha, aliiamuru kompyuta imtafutie maneno yale mawili, "ni dhahiri", katika tasnifu nzima. Yalitokea ukurasa baada ya ukurasa, yameng'aa kwa rangi ya njano, mengi kuliko alivyowahi kudhani. Kila moja aliliandika mwenyewe, na kila moja lilimwonekea kweli.

Hata hapo penye jiwe, simu ilikuwa imehamia Burundi, inamwambia bado ni mapema. Hakuirekebisha. Alirudi kwenye la kwanza, akajiuliza nani kamwambia.